Ombi la Kibali cha Siti Asiyemuudhi Mtu

Kwa Waheshimiwa wakaguzi wa miswada na watoa vibali vya michezo ya kuigiza,

Naandika kuwapunguzia kazi. Siku yoyote kikundi cha mtaani kinaweza kuwaletea muswada wa mchezo wa nyimbo juu ya maisha ya Siti binti Saad. Waigizaji watakuwa fundi cherehani, mwalimu wa chekechea, vijana wa bodaboda na bibi mmoja anayejua kupiga rika. Pazia litakuwa kanga zilizoungwa. Watu wa namna hii hawana mazoea ya kujikagua. Basi naomba niupitie muswada huo mapema, nikate vya kukatwa, ili mchezo utakaobaki usimuudhi mtu yeyote, aliye hai au aliyekwisha tangulia.

Tuanze na jina. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880, akaitwa Mtumwa, na hilo halikuwa la utani: wazazi wake walitoka katika tabaka hilohilo, na Unguja utumwa haukufutwa kisheria mpaka 1897. Mama akiita jina hilo jukwaani, mtazamaji atauliza, mtumwa wa nani? Na pengine mjukuu wa bwana mwenyewe amekaa kiti cha pili. Nashauri aitwe Siti tangu kitovu hakijakatika. Vyungu alivyofinyanga na kuvitembeza vibaki, kwa sababu watalii wanapenda vyungu, ila avitembeze kwa hiari yake, kama mazoezi ya viungo. Mwaka 1911 akahamia mjini. Sababu za kuhama ziachwe. Safari ya Bombay ya 1928, alipokwenda kurekodi santuri, ipewe nusu ya mchezo mzima. Ina meli, ina mavazi, na hakuna anayelaumiwa.

Kazi ngumu iko kwenye wimbo wa Kijiti. Kisa chake ni kesi ya kweli: mwanamke aliyetoka Dar es Salaam aliuawa Unguja, mwanamume aliyetajwa, Kijiti, akavuka bahari akatokomea bara, na wanawake waliosimama mahakamani kutoa ushahidi wakageuziwa kibao, wakaadhibiwa wao kwa habari ya pombe. Siti na wenzake wakakitungia wimbo. Zilikuwa zama za Mwingereza, na huko mitaa ya Ng'ambo, mjini Unguja, ambako wengi hawakujua kusoma wala hawakuwa na wakili, wimbo ndio uliokuwa rufaa. Taarabu ya jumba la Sultani, tangu siku za Barghash, iliimbwa kwa Kiarabu, na asiyekijua aliondoka na sauti tupu. Hii ya Siti ilikuwa ya Kiswahili. Hakimu angeweza kupita chini ya dirisha akaisikia na kuielewa, kama alijifunza lugha ya watu aliowahukumu.

Sasa tazameni ugumu wa kuukata. Nikimtoa hakimu, wanawake wanaadhibiwa na nani? Nikiwatoa wanawake, hakimu anabaki jukwaani hana la kufanya, jambo ambalo nalo linaweza kuonekana dhihaka. Nikimtoa Kijiti, wimbo hauna jina. Nilipomaliza kupunguza, kilichobaki ni udi na fidla. Hapo ndipo mchezo wa maisha ya mwimbaji unapotofautiana na mingine. Jemadari unaweza kumwonyesha amepanda farasi, akapunga mkono, akaondoka, na watu wakapiga makofi bila kujua alimpiga nani. Matendo ya mwimbaji ni nyimbo zake. Sharti aimbe, na akiimba amekwisha sema. Siti aliyesafishwa hawi Siti mpole. Anakuwa mwanamke fulani aliyewahi kupanda meli.

Mtaniambia kuna heshima ya ukoo. Hoja nzito, ila ukoo wenyewe umeshawatangulia: kitukuu wake, Siti Muharam, alitoa albamu mwaka 2020 akaipa jina la Siti wa Unguja, bila dalili ya kuona haya. Mtaniambia pia kwamba mambo ya utumwa yanatonesha vidonda na kuvunja utulivu. Hili silidharau, maana visiwa hivi vimeona damu. Lakini Bi Kidude, aliyefariki 2013, aliuimba Kijiti mpaka uzeeni, na Shaaban Robert aliandika Wasifu wa Siti binti Saad, kitabu ambacho kimepita mikononi mwa wanafunzi wengi. Kama maisha hayo yamesomwa darasani pasipo fujo, sielewi ni kitu gani huyafanya yawe baruti yakishikwa na fundi cherehani.

Hoja ya mwisho ni kwamba watu wa mtaani watapotosha historia, heri waachiwe wasomi. Hapo naomba mkumbuke Kamiriithu, Limuru, nchini Kenya, mwaka 1977. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii walipeleka muswada wa Ngaahika Ndeenda, na mazoezi yakafanywa hadharani. Vibarua wa mashamba na wafanyakazi wa viwandani wakawa wanawasahihisha waandishi, kwa sababu kazi ile waliifanya wao. Ukaguzi mkali kuliko huo sijausikia. Serikali haikuridhika nao: kibali kikafutwa Novemba, mwisho wa mwaka Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini bila kesi, na 1982 ukumbi uliojengwa na wanakijiji ukabomolewa. Ufanisi ulikuwa kamili, ila leo mchezo huo unafundishwa katika vyuo vikuu vya nchi ambazo hazikujua Limuru iko wapi. Huko Ng'ambo nako wapo vikongwe wanaojua nani alikaa nyumba ipi na nani alimsema nani. Mwigizaji akikosea watamkatiza katikati ya ubeti, wala hawatangoja fomu.

Kwa hiyo naomba mseme wazi mnachotaka. Kama ni mchezo usiomgusa mtu, mimi nimeshindwa kuutengeneza, na kalamu nyekundu nawarudishia. Kama mtaupitisha muswada kama ulivyo, limebaki swali dogo la ukumbi: viti vya mbele huwekewa wageni rasmi, na hakimu wa Kijiti atahukumu akiwa amewaelekea. Je, viti hivyo visogezwe pembeni, au mtakuja?