Sifa za Mheshimiwa Chuma Chakavu

Wanaosifu mwezi na nyota waniwie radhi. Leo zamu ni ya chuma chakavu cha angani. Nyota zimesifiwa tangu enzi na hakuna hata moja iliyowahi kuja kutujulia hali. Chuma kimekuja. Alasiri ya tarehe 30 Desemba 2024, pete yenye upana wa mita mbili na nusu na uzito wa kilo 500 hivi ilishukia kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni. Haikupiga hodi, kweli, lakini pia haikumjeruhi mtu. Shirika la Anga za Juu la Kenya likaeleza kuwa ni pete ya kutenganishia sehemu za roketi. Vitu vya namna hiyo kwa kawaida huungulia hewani au huishia baharini. Huyu mgeni alichagua Ukambani.

Tazama uvumilivu wake. Vanguard 1, tufe la Wamarekani lenye ukubwa wa balungi, lilirushwa mwaka 1958, likanyamaza 1964, na hadi leo linazunguka. Halina betri hai, halina bosi, halina mshahara, na halijakosa zamu hata siku moja. Linganisha na setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa kutoka jukwaa la San Marco, pwani ya Malindi, tarehe 12 Desemba 1970: kufikia 1979 ilikuwa imekwisha. Uhuru haukudumu, takataka zimedumu. Nasema setilaiti, msinitilie maneno kinywani.

Na mbio zake! Hukimbia karibu kilomita 28,000 kwa saa. Kwangu rangi ikibanduka ukutani hudondoka sakafuni, ikafagiliwa asubuhi. Huko juu, mwaka 1983, chembe moja tu ya rangi ilichimba kioo cha chombo cha anga Challenger, ikabidi kibadilishwe.

Uzazi nao umebarikiwa. Tarehe 10 Februari 2009, juu ya Siberia, setilaiti ya Kirusi Kosmos 2251, iliyokwisha kufa zamani, ilimvaa Iridium 33 wa Marekani akiwa kazini. Maiti akamuua mzima, na wote wawili wakaacha vipande zaidi ya elfu mbili. Mwanasayansi Donald Kessler alishayaona haya mwaka 1978: kipande hugonga kipande, vikazaa vingine, mpaka njia yenyewe izibe. Ukoo gani mwingine hukua hivyo bila harusi?

Wapo wenye wivu wanaotaka kukiondoa chuma hiki. Waingereza na wenzao walitengeneza chombo chenye wavu na chusa. Mwaka 2018 kilitupa wavu kikanasa windo barabara, ila windo lenyewe kilikuwa kimeliachia chenyewe muda mfupi kabla. Mvuvi wa Lamu akifanya hivyo atachekwa hadi gatini. Wajapani wa kampuni ya Astroscale walikuwa na adabu zaidi: mwaka 2024 walikisogelea kipande cha roketi kuukuu hadi mita 15 hivi, wakakipiga picha, wakarudi nyuma. Posa ya kwanza, tuseme. Setilaiti Envisat ya Wazungu, tani nane, kimya tangu 2012, bado haijapata mchumba.

Hata mchumba akipatikana, ataulizwa ruhusa. Mkataba wa 1967 unasema kitu kilichorushwa angani hubaki mali ya mwenyewe, kiwe kizima au kimekufa. Huwezi kuokota taka ya mwenzio kule. Hapa mjini kopo likitua mtaroni tu, limeshakosa ukoo. La angani lina uraia, lina wakili, na lina nchi ya kulitetea.

Mkataba mwingine, wa 1972, unaitaka nchi iliyokirusha kitu ilipe kikimletea mtu hasara ardhini. Basi pete ililala vichakani Mukuku, watu wakaizunguka na simu zao, maofisa wakaja wakaibeba. Mwenye pete sijasikia kama ameiulizia.