Wekundu Saba na Mia Nane

Jirani, sogea hapa. Kichwa usikiangalie kwanza, niangalie usoni. Nina jambo.

Mimi kichwa changu miaka yote ni cha buku mbili. Kinyozi wangu si unamjua, yule wa banda la bati hapa Mbagala. Kioo chake kimepasuka katikati, ukijitazama unajiona watu wawili na wote wabaya. Ukutani lipo lile bango la vichwa vyenye namba. Sijawahi kutaja namba. Nakaa, ananipitisha mashine, ananimwagia spiriti kisogoni, nalia kidogo kiume, natoa buku mbili, nakwenda zangu. Ni dakika kumi tu. Nikichelewa ujue tulikuwa tunabishana Simba na Yanga.

Sasa mpwa wangu anafanyiwa sendofu. Wakaniteua msemaji wa familia. Mama watoto akanizunguka mara mbili kama mbuzi wa mnadani. "We baba, utasimama mbele ya wakwe na kichwa cha buku mbili?" Nikamuuliza wakwe bei watajulia wapi. Hakujibu. Yule mwanamke asipojibu, mimi nimeshashindwa.

Basi Jumatatu daladala mbili na bodaboda hadi Masaki. Saluni mlango wa kioo. Nikausukuma, wapi. Nikauwekea bega. Watu ndani wametulia, wananiangalia kama taarifa ya habari. Kumbe unavutwa.

Dada wa mapokezi akaniuliza, "Karibu, una apointimenti?" Apointimenti ya kunyoa! Mimi najua ya hospitali. Nikamjibu ninayo. Usiniulize kwa nini. Akalitafuta jina langu kwenye kompyuta mpaka jasho likamtoka, na jina litaonekanaje wakati halijawahi kuingia? Ikabidi nikasirike. Ndiyo, nikanuna kabisa, nikatikisa na mguu. Maskini, akaniomba radhi, akaniletea glasi ya maji yenye vipande vya tango. Nikanywa maji, nikala tango. Lilikuwa halina hata chumvi. Nilipomaliza ndipo nikaona mzee mwenzangu wa pembeni kavibakisha vipande vyake vyote, vinaelea.

Kijana wa kunyoa alikuwa na hereni moja na viatu vyeupe kuliko meno yangu. "Bosi, tukupige fedi ya chini, ya kati au ya juu?" Nikamwambia ya kati, kama mtu aliyeulizwa pilipili.

Na hapo ndipo ugonjwa wangu ulipopanda. Mimi sehemu yenye kiyoyozi naona haya kuuliza bei. Tuoshe? Ndiyo. Na skrabu? Ndiyo. Dada mmoja akanilaza kichwa chalichali kwenye sinki, maji ya vuguvugu, vidole kama anakanda maandazi ya mtu anayempenda. "Baba, pumzika." Baba! Haya, baba akapumzika. Nililala, jirani. Nikakoroma. Katika usingizi nikaota mama watoto ananiuliza kama aniongezee sukari kwenye chai. Nikamwambia weka, weka nyingi.

Haikuwa sukari. Ilikuwa bleki.

Kuamka, namwona kwenye kioo mtu ana kichwa kama kiatu cha shule siku ya kufungua. Kioo kizima hiki, hakina ufa, kwa hiyo sikuwa na wa kumsingizia. Mstari wa mbele umepigwa kwa kamba ya fundi, umenyooka kweli, ila umerudi nyuma vidole viwili. Paji langu la uso limepata nyongeza ya kiwanja. Kijana akashika kioo kidogo kwa nyuma anionyeshe kisogo. Mimi na kisogo changu hatujawahi kukutana, nitajuaje kama ndicho? "Bosi, unaionaje?" Nikasema safi sana. Kwa mdomo wangu mwenyewe.

Haya, kaunta. Kunyoa 25,000. Kuosha 8,000. Skrabu 12,000. Bleki 15,000. Jumla 60,000. Nikapumua, maana mfukoni nina sabini, humo humo na hela ya kukodi suti. Dada akasema bado. Kumbe huko chini kuna VAT, asilimia 18, yaani 10,800. Kule bandani kwetu VAT hata njia haijui. Hapa ikachapwa kwenye risiti ndefu kama kanga. Deni 70,800.

Sasa wewe unanijua, mimi ni Mwananchi, Yanga damu. Na noti ya elfu kumi, kwa wekundu wake, mtaani tunaiita Msimbazi. Wekundu saba wa Msimbazi wakapita mbele ya macho yangu, mmoja mmoja. Saba bila, na nimelipia kiingilio. Zile mia nane nikazichokonoa mfuko wa nyuma: jero, mia mbili, mia. Ilikuwa nauli.

Kwa hiyo nikatembea. Masaki hadi Posta, jua la saa nane, shati jeupe. Pale stendi nikamwomba konda anisitiri hadi Mbagala. Akanitazama shingoni, akanitazama kolani, akasema, "Mzee, panda tu, lakini unavuja."

Nyumbani mama watoto akafungua mlango. Akanikagua. Akauliza, "Saluni ilikuwa imefungwa?"

Tangu siku hiyo nikawa nazunguka nyuma ya msikiti nisipite kwa kinyozi wangu. Jana kaninasa gengeni, nachagua nyanya. Akakitazama kichwa kimya, kama fundi anayetazama ukuta wa fundi mwingine. "Kaka, nani kakufanyia hivi?" Nikamwambia mtoto alichezea mashine. Akanionea huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyoniuma kuliko yote. Akanikalisha asawazishe. Akasawazisha kulia, akasawazisha kushoto, mpaka hakuna cha kusawazisha. Kipara. Hela akakataa, akasema nimpe pole mtoto.

Tatizo, ngozi nayo ilishakunywa bleki. Ndiyo maana nilikuomba uniangalie usoni. Huku juu kuna mawingu.

Sendofu ni kesho. Suti sina, hotuba ninayo. Jirani, una baraghashia uniazime? Saizi kubwa. Jumapili asubuhi naileta, imefuliwa. Ikiwa nyeusi itakuwa bora zaidi.