Nne

Mbuzi wa kwanza alishuka kwenye kirikuu Ijumaa saa mbili asubuhi, akaitazama nyumba yetu kama mpangaji aliyekuja kukagua chumba, kisha akaingia. Wa pili na wa tatu wakamfuata. Wa nne ilibidi abebwe. Mimi nilikuwa kibarazani na mswaki mdomoni, na uani, chini ya mwembe, walishafungwa mbuzi wawili niliowanunua mwenyewe Jumatano kwa ajili ya harusi hiyohiyo.

"Shikamoo Baba Mdogo. Hawa wa nani?"

"Marahaba. Wa nani tena? Si mliandika nne?" Akatoa simu mfukoni kama mtu anayetoa risiti.

Kweli ilikuwepo. Jana yake usiku, kwenye kundi la WhatsApp tulilolipa jina la Harusi ya Mwanetu, mtu aliandika: 4. Tarakimu moja na kidole gumba pembeni, basi.

Kundi lenyewe nililianzisha mimi, na kosa hilo sijasamehewa hadi leo. Binti wa dada yangu anaolewa Jumamosi, hapa hapa Ngamiani, ndugu wametapakaa kuanzia Handeni mpaka Muscat, nikaona afadhali tuwe na mahali pamoja pa kuelewana. Siku hizi WhatsApp inaruhusu watu 1,024 katika kundi moja; mwaka 2016 mwisho ulikuwa 256. Mimi nilikuwa na 61 tu na nilikonda.

Alhamisi baada ya Isha mambo yalikwenda hivi. Wifi yangu aliuliza magunia ya mchele mangapi. Baba Mdogo, akiwa Handeni, akauliza mbuzi wangapi. Mwenye maturubai, ambaye nilimwingiza kundini kwa kuona uvivu wa kumpigia, akauliza mangapi. Mpaka hina akauliza aje saa ngapi. Hapo bado palikuwa na usalama. Kisha Mjomba akatuma ua jekundu lenye maandishi ya dhahabu ya kututakia Ijumaa njema, watu kumi na tisa wakaitikia Amin mmoja mmoja. Shangazi akaleta dawa ya kisukari ya majani ya mpera, ikiwa na ile mishale miwili ya kuonyesha kuwa imeshasambazwa mara nyingi. Tangu mwaka 2019 ujumbe hausambazwi kwa zaidi ya sehemu tano kwa mkupuo, na mwaka 2020 ule uliozunguka sana ukabanwa zaidi, uende sehemu moja tu kwa wakati. Shangazi hilo halimbabaishi. Ana subira, anatuma mmoja mmoja.

Halafu ikaja taarifa ya msiba wa mtu ambaye mpaka leo sijajua ni nani. Inna lillahi zikamiminika kama mvua ya masika, na katikati yake akatokea kijana mmoja na vichekesho vitatu vya machozi, maskini, alikuwa anacheka kitu kingine kilichoandikwa huko juu. Ikabidi aombe radhi. Radhi yenyewe ikajibiwa na watu kumi na mmoja.

Ndipo ikaja 4.

Sasa, Kiswahili chetu kimejaa huruma kwa mambo kama haya. Angeandika "manne" tungejua ni magunia au maturubai. Angeandika "nne" kwa herufi, tungehisi ni saa. Lakini tarakimu haina ngeli. Imevuliwa nguo zote, huwezi kujua ni ya ukoo gani. Na hata angeandika "wanne" bado tungebaki gizani, maana watu na mbuzi, kwa sababu wanazozijua wanasarufi, wamo ngeli moja.

Kila mmoja akachukua jibu lake akaenda nalo. Baba Mdogo alichukua mbuzi. Saa tatu likaja lori la maturubai manne, kwenye uwanja ambao turubai moja likisimama vizuri miguu miwili inakuwa kwa jirani. Saa nne barabara mpaka hina akabisha hodi na mkoba wake, wakati tulimtaka saa kumi alasiri na bibi harusi yuko saluni. Alikaa kwenye kochi kwa muda wa saa sita kamili, akanywa chai mara tatu, akaniambia kwa upole kwamba nyumba yangu ina mbuzi wengi. Wifi yeye aliamini magunia manne ya mchele yameshapatikana. Kwa hiyo mchele hakununua mtu.

Mwenye jibu alikuwa binamu yangu wa Muscat. Jumanne niliuliza kundini, "Mnakuja wangapi?" Alhamisi usiku, akiwa uwanja wa ndege, akafungua simu, akakuta swali langu, akajibu kwa uaminifu kabisa, akazima simu, akapanda ndege na mkewe na watoto wawili. Tulimpigia mpaka vidole vikatuuma. Hapatikani.

Haya yote yangevumilika kama si yule mbuzi aliyebebwa. Nilikuwa nimekaa mkekani na daftari la michango, naandika jina la jirani, mara Baba Watoto akaita kutoka nje kwamba turubai limeangukia waya wa umeme. Nikakimbia. Niliporudi mbuzi amesimama juu ya mkeka ametulia, karatasi inaingia mdomoni taratibu kama ulimi wa simu ya faksi, na kwenye kipande kilichobaki nje nilisoma "Shang" na "50". Ulikuwa ukurasa wa upande wa baba. Alikuwa ameshamaliza majirani wa Pongwe. Nilivuta, naye akavuta. Nilibaki na jalada.

Ushahidi pekee wa nani katoa nini ukawa umebaki kundini, ndani ya ujumbe 1,300 na ushei. Tukakaa chini mimi na binti yangu mkubwa, anayesoma mambo ya kompyuta chuoni, tukaanza kupanda juu kwa kidole. Maua. Dawa. Sauti ya Mjomba ya dakika saba, tukaisikiliza yote, na sehemu inayohusu mchango wake ilikuwa sekunde nne za mwisho. Kisha "Nimetuma". "Nami pia." "Ya kwangu umeiona?" "Nimetuma" kumi na mbili, hakuna hata moja yenye kiasi.

"Mama, haya mambo yalishaandikiwa waraka," binti akasema. Akanionyesha: unaitwa RFC 1855, wa Oktoba 1995, mwandishi Sally Hambridge wa kampuni ya Intel. Unasema herufi kubwa tupu ni kelele. Unasema jibu la hasira lilazwe usiku mmoja kabla halijatumwa. Na unasema ukijibu, beba kidogo cha yale unayoyajibu, kwa kuwa kuna wakati jibu humfikia msomaji kabla ya swali. Mwaka 1995 mimi nilikuwa napanga foleni kibanda cha simu na sarafu mkononi, kumbe kuna mama huko ameshamwona binamu yangu wa Muscat.

Tukaanza kazi. Binti akawafundisha vijana kwanza, wao wakawafundishe wakubwa: unauvuta ujumbe kwenda kulia, swali linapanda mgongoni mwa jibu kama mtoto kwenye mbeleko. Njia ya kujibu ujumbe mmoja mahususi ipo tangu mwaka 2016 na ukoo wetu wote ulikuwa hauna habari nayo. Hesabu iandikwe pamoja na kitu chake, mbuzi wawili, si 2. Saa iandikwe asubuhi au jioni, hasa kwa ajili ya watoto wa ng'ambo ambao saa kumi kwao ni ya kunywea chai ya asubuhi. Anayetuma mchango ataje jina na kiasi. Msiba wa asiyetuhusu ubaki kwa wanaohusika. Hili la mwisho lilinipa shida, maana kwetu kunyamazia taarifa ya kifo ni ukosefu wa adabu, na hakuna waraka wa Intel unaoweza kunisaidia hapo. Tukakubaliana mmoja aitikie kwa niaba ya wote.

Halafu, kwa kiburi tu, nikafunga kundi ili maadmini peke yao ndio waandike. Mpaka saa tisa, nilijiambia, nipumue.

Saa saba na nusu Mjomba akatoka kundini. Tangu mwaka 2022 mtu akitoka wanaojulishwa ni maadmini peke yao, kwa hiyo habari ile niliimeza mwenyewe, na wali wa mchana haukushuka. Mjomba ndiye msemaji wa upande wetu. Asiposimama yeye kuwapokea wakwe, nani atasimama, mpaka hina?

Tulikwenda kwake baada ya Magharibi, mimi na mama, na halua nusu kilo. Alitukaribisha, akatumiminia kahawa, akamuuliza mama habari za miguu. Mimi hakunitazama.

"Mwanangu," akasema mwishowe, akiangalia kikombe, "pale barazani nikisema neno, ninayemwambia namtazama usoni. Akinijibu, najua kajibu mimi. Kwenye hiyo simu sijui nani ananitazama, ndiyo maana natuma ua, nione nani yupo. Nanyi mmenifunga mdomo kwenye nyumba ya dada yangu."

Sikuwa na la kusema. Miezi miwili nilikuwa nayahesabu yale maua kama takataka. Nikamwomba radhi, nikamwahidi kundi la pili, liitwe Baraza, yeye awe admini, maua na dawa na misiba yote huko. Akauliza, admini anaweza kufanya nini? Binti akamweleza kwa simu, kirefu. Nilimwona anakaa sawasawa kwenye kiti.

Mchele tuliupata Mgandini dakika za mwisho kabisa, kwa bei ya mtu anayehema. Harusi ilifana. Mbuzi wanne waliliwa. Binamu alifika na watu wake, akawa anauliza kila mtu kwa nini anachekwa.

Wiki iliyofuata niliandika Baraza: "Mbuzi wawili wamebaki kwangu na wanakula kanga. Nani anawachukua?" Haikupita dakika, ujumbe ukatoweka, pamebaki maandishi madogo kwamba umefutwa na admini. Kisha simu ikaita.

"Mwanangu," akasema Mjomba, "mambo ya mbuzi yana kundi lake."