Maharage ya Mama Uganda

Maharage yalikuwa yamekaa kwenye babula, jiko letu la makala, tangu saa nne asubuhi. Umeme ulikuwa umekatika, jambo ambalo hapa mtaani Nyalukemba, upande wa Kongo, halihitaji maelezo, na katika parsele yetu ya wapangaji kila mwenye makala alikuwa anapikia uani. Mama Uganda, mpangaji wa chumba cha pili, akajifunga kitenge, akachukua kikapu, akaninyooshea kidole kuelekea sufuria.

"Papa, look after my beans. I'm coming."

Kisha akaondoka. Mtu anasema anakuja huku anakwenda! Hilo nilimsamehe, maana hata sisi husema "nakuja" mguu ukiwa tayari nje.

Sasa lazima nieleze habari za Kiingereza changu. Ng'ambo ya mto Ruzizi, serikali ya Rwanda iliamua mwaka 2008 kwamba shule zifundishe kwa Kiingereza. Sisi tukabaki na Kifaransa chetu, tukijua kitatufikisha popote. Halafu mwaka 2022 Kongo ikaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, na ghafla kila mwenye shati la kola akaanza kusoma Kiingereza jioni. Mimi nilikuwa na wiki tano za masomo na kiburi cha miaka mitano.

Kwa hiyo nikajumlisha kama hesabu za sokoni. "Look", kuangalia. "After", baadaye. Kuangalia baadaye. Nikamwona jirani ni muungwana kweli: hataki kunisumbua sasa hivi. Nikajibu "Yes, Mama", nikaingia ndani, nikajilaza.

Harufu ndiyo iliyoniamsha. Nilipofunua sufuria, juu kulikuwa na maharage, katikati kulikuwa na mashaka, chini kulikuwa na makala. Nikamwagia kikombe cha maji, ikanifokea kama paka. Na hapo hapo geti likalia.

"But you said yes!"

"I looked," nikajitetea. "After."

Jioni ile nilimsimulia mwalimu wetu, kijana aliyesomea Kampala. Alicheka mpaka akakalia chaki. Kisha akaeleza kwamba kale kaneno ka nyuma hakahesabiwi peke yake. "Look after" ni kutunza, "look for" ni kutafuta, "look into" ni kuchunguza. Jicho ni lile lile; mkia ndio unaobadilisha mnyama.

Tukaingia kwenye sarufi, na hapo ndipo nilipopata raha. Ukitaka redio izimwe, unasema "turn off the radio". Lakini redio ikishageuka kuwa "it", lazima iingie katikati: "turn it off". Ukisema "turn off it", umekosea. Wenzangu walinung'unika; mimi nilitabasamu, kwa sababu hiyo ni tabia yetu. Sisi tunasema "niliizima", na ile "i" ya redio imekaa tumboni mwa kitenzi, imetulia kabisa. Ila "look after" haitaki mgeni katikati: ni "look after it", basi. Kwa nini? Mwalimu akasema tukariri. Jibu hilo sikulipenda, na silipendi hadi leo.

Usiku nikiwa kitandani ndipo nikagundua kwamba maneno yale ninayo mdomoni tangu utotoni. Mama yangu akitoka alikuwa akiniambia, "Uniangalilie mtoto." Angalia, angalilia. Silabi moja tu, "li", na kutazama kumegeuka kuwa kutunza kwa niaba ya mtu. Waingereza mkia wao wanauacha unaning'inia nje. Sisi tunaushonea ndani ya nguo.

Nilimnunulia Mama Uganda maharage mengine na kuisugua ile sufuria kwa majivu. Haikurudi kuwa nyeupe.

Wiki mbili baadaye, akiwa hana tena imani na Kiingereza changu, aliamua kutumia Kiswahili chake. Akabandika maharage, akawaita watoto wa parsele, akawaambia kwa sauti kubwa: "Watoto, muniangalie maharage!"

Ile "li" aliimeza. Watoto wanne wakasimama, wakamkazia macho yeye. Alipokwenda getini, wakageuza shingo. Alipotoka, wakatoka nyuma yake ili wazidi kumwangalia, wakamsindikiza kwa utiifu mkubwa mpaka mtaa wa Nguba.

Maharage ya siku hiyo sikuyalipa mimi.