Kontena Halinywi Maji

Dada yangu wa kwa shangazi anaishi Columbus, Ohio, na huko wamemzoesha kutohama mpaka jedwali litoe ruhusa. Kodi kiasi gani, kazini mbali kiasi gani, shule, usalama, kelele, hewa, bustani: kila kitu kinapewa alama, zinajumlishwa, ndipo anafunga mizigo. Sasa anajenga Kigamboni. Mafundi wetu anawajua vizuri, kwa hiyo ameamua kuja kukaa mwaka mzima awasimamie kwa macho yake, akiishi upande huu wa daraja, Kurasini, ninakoishi mimi. Akanitumia jedwali. "Mdogo wangu, nijazie. Panakalika? Panalipika? Na usinizungushe, nataka namba."

Namba tunazo. Kaunti yake ya Franklin ilihesabiwa mwaka 2020 ikakutwa na watu 1,323,807. Sensa yetu ya Agosti 2022 ikaikuta Temeke, wilaya yenye Kurasini, na watu 1,346,674. Tumewapita kwa watu elfu ishirini na ushee, kwa hiyo asije akadhani anatoka mjini anakwenda shamba.

Nikataka kuifanya kazi kitaalamu. Economist Intelligence Unit ya London hutoa kila mwaka orodha ya miji inayokalika duniani; Vienna ilishika namba moja 2022, 2023 na 2024, kisha 2025 Copenhagen ikaipokonya. Wanapima utulivu, afya, utamaduni na mazingira, elimu na miundombinu. Vigezo vizuri, sina neno. Ila hakuna hata mmoja pale aliyefikiria kuuliza swali ambalo mpangaji yeyote wa Dar es Salaam huuliza kabla hajavuka kizingiti: mwenye nyumba anakaa humu humu?

Tuanze na kodi. Kisanduku kilitaka kodi ya mwezi, na sisi hatuna kitu hicho. Tunayo bei ya mwezi, ambayo ni ya kuzungumzia tu, halafu tunayo pesa unayotoa, ambayo ni ya miezi sita, na ukikutana na mwenye nyumba aliyeota mvi kwenye biashara hiyo, ni ya mwaka. Chumba na sebule, choo ndani, nilitajiwa laki mbili na nusu. Mara sita, milioni moja na nusu. Dalali anachukua mwezi wake mmoja, na kabla ya mwezi huo ana elfu kumi ya kukutembeza, ambayo hairudi hata akikutembeza kwenye nyumba iliyokwisha pangishwa tangu juzi. Jumla 1,760,000 kabla hujanunua pazia. Kima cha chini cha mshahara serikalini kuanzia Julai 2025 ni 500,000. Mtumishi wa kima hicho ahamie kwanza, halafu miezi mitatu na nusu asile, asipande daladala, asifiwe na mtu.

Dalali niliyempata alikuwa kijana mwenye funguo nyingi kuliko milango. "Bosi, huu mjengo ni wa kishua. Fensi, maji ndani, jipsam, luku yako peke yako, na mwenye nyumba hakai hapa." Hilo la mwisho alilisema akishusha sauti, maana ndiyo bei yenyewe. Nyumba ya kwanza ilikuwa na kuta za rangi mbili: buluu ya mafuta mpaka kiunoni, juu nyeupe. Nikasema pazuri. Mtoto wa jirani aliyekuwa anatufuata akasema maji yakija yanafika pale pale buluu inapoishia. Dalali akamfukuza. "Ni staili, bosi." Nikamwambia hiyo staili nitakuja kuiangalia tena Aprili, masika yakishapamba moto. Akasema Aprili bei itakuwa imepanda.

Ya pili ilikuwa kimya, kavu, rangi moja. Ila nyuma ya fensi kulikuwa na yadi, na ndani ya yadi makontena yamebebana, mekundu na ya buluu, hadi kulipita paa. Jua la nyumba ile linazama saa tisa alasiri. "Unaona hicho kivuli?" dalali akaniambia. "Mchana huhitaji feni." Nikauliza kama makontena hayo hayatakuja kuondolewa. Akaniangalia kwa huruma. "Hayo, bosi? Wewe ndiye utaondoka."

Na hapo, bila kukusudia, aliijaza nusu ya jedwali. Kurasini ni ya mzigo kwanza, binadamu baadaye. Bandari iko hapa, gati la mafuta liko hapa, matangi ya mafuta yako hapa, na kila familia inapohama, geti linapanuliwa na yadi inaingia. Miaka ya 2010 wakazi wengi walilipwa fidia wakapisha mradi wa kituo cha biashara. Waliobaki wamejifunza kuishi na begi moja likiwa tayari. Mtu asinieleze habari ya soko huria la nyumba. Huku mpangaji hashindani na mpangaji mwenzake. Anashindana na kontena, na kontena ni mpangaji ambaye hata mimi ningempenda: linalipiwa kwa siku, halina shemeji anayekuja kukaa wiki mbili, haligongi mlango usiku kuuliza nani kamaliza maji, na halijawahi kupata mimba.

Kelele niliandika "zipo" nikapita. Malori yanayopanga foleni yana namba za Zambia, Kongo, Malawi, Rwanda, Burundi. Alfajiri ukisikia breki zinapumua unajua bara zima linaamka. Ila niseme haki yao: jikoni kwenye harufu nzuri kuliko zote Kurasini ni chini ya trela, katikati ya matairi, utingo akiwa amechutama anasonga ugali, na dagaa kando kwenye kikaango. Nimewahi kupita pale nikielekea kununua chipsi, nikajiona maskini.

Usalama nao haukunisumbua. Kata hii ina Chuo cha Polisi, ina Chuo cha Diplomasia, ina makao ya Baraza la Maaskofu, ina ofisi za Uhamiaji. Ukigombana na jirani, yupo wa kukukamata, wa kukupatanisha, wa kukuombea, na ikishindikana kabisa, wa kukugongea pasipoti. Kwenye bustani niliandika "Daraja". Daraja la Nyerere lilifunguliwa Aprili 2016, lina urefu wa mita 680, magari yanalipa na waenda kwa miguu ni bure, na jioni upepo wa mkondo ukivuma pale juu hutakumbuka kama kuna miti duniani. Dada aliuliza kama hilo daraja lina mabenchi. Sikujibu.

Kisanduku kilichonitoa jasho ni "gharama zisizotarajiwa". Hapo inabidi nieleze habari ya mayai.

Nyumba ninayokaa ina wapangaji sita, luku moja, na mwenye nyumba wetu, mama mmoja mcha Mungu na mkali wa hesabu, anakaa humo humo, chumba cha mbele, dirisha lake likitazama geti na mita kwa pamoja. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye luku. Nyumba ya kawaida ilianza na 1,000 kwa mwezi, na tangu 2023 ni 1,500. Inakatwa kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi. Kodi ni ya mwenye jengo, kila mtu anajua, hata mwenye jengo anajua. Lakini mashine haiulizi jengo la nani, inauliza nani kanunua. Basi kuanzia tarehe 28 nyumba yetu inajaa ustaarabu wa ajabu. Taa zinazimwa mapema. Jirani aliyekuwa anapiga pasi hadi soksi anatoka na shati lenye mikunjo, anasema ndiyo fasheni. Kila mtu anaomba yuniti zivuke mwezi, au zikiisha, ziishe mikononi mwa mwenzake. Gawanya 1,500 kwa sita ni 250, bei ya maandazi mawili. Hakuna anayekubali kuchangisha 250. Ni suala la kanuni.

Sasa kila Julai, wakati wa Sabasaba, ndugu zangu wote wanakumbuka kwamba wananipenda. Viwanja vya maonesho viko Barabara ya Kilwa, na barabara hiyo hiyo ndiyo inayowaleta moja kwa moja kutoka kusini, kwa hiyo mtu akitoka Lindi akinyoosha tu mguu anafika kwangu. Mara ya mwisho alikuja mjomba. Alisema anakuja kuangalia teknolojia. Jioni ya siku ya pili akarudi na bodaboda, teknolojia iko mapajani: mashine ya kutotolesha mayai.

"Mpwa, tuijaribu hapa hapa. Ikigoma nairudisha kabla maonesho hayajafungwa."

Ikakubali. Hapo ndipo balaa lilipo. Mjomba akatumbukiza mayai trei nzima, akaniwekea mashine chini ya meza ya televisheni, akasoma maelekezo kwa sauti mara mbili: siku 21, joto nyuzi 37 na nusu, yageuzwe asubuhi na jioni, siku tatu za mwisho yasiguswe, na umeme usikatike. Kisha akapanda basi la Lindi, maana mashine ikishakuwa na mayai haisafirishwi. Kila jioni akawa anapiga simu. Hakuuliza hali yangu. "Nyuzi ngapi?" "Thelathini na saba na nusu, mjomba." "Umeyageuza?" "Nimeyageuza." "Vizuri. Ulale salama nayo."

Hesabu mwenyewe: mayai yaliyoingia katikati ya Julai yanaanguliwa mwanzoni mwa Agosti. Usiku wa tarehe 31 yuniti zikaisha.

Asubuhi ya tarehe moja hakuna aliyenunua. Mchana hakuna. Jioni wapangaji wote walikuwa wamekaa uani kwenye giza, wanajipepea kwa makawa, wanazungumzia Simba na Yanga kwa utulivu ambao sijawahi kuuona katika mada hiyo. Ndani mimi nimeivika mashine blanketi langu, juu ya blanketi shuka, juu ya shuka koti nililoolea. Ndipo sauti ikaanza. Kifaranga hulia akiwa bado ndani ya yai, kwa wasiojua. Kwanza mmoja, halafu watatu, halafu trei nzima inasali. Sauti ikatoka dirishani ikaenda uani. Mazungumzo ya mpira yakakatika. Walisikia wote, na hakuna aliyenyanyuka. Walijua kabisa kuwa kati ya wapangaji sita ni mmoja tu mwenye wagonjwa mahututi.

Nikatoa simu, nikanunua wa elfu kumi, nikakatwa elfu moja mia tano ya jengo ambalo hata msumari wake mmoja si wangu. Nilipomaliza kubonyeza namba, watoto wakapiga kelele, "Umemeee!" na watu wazima wakaingia ndani bila kunitazama. Pasi ya jirani ilikuwa imekwisha wekwa tayari kwenye soketi.

Walianguliwa kumi na tisa. Mjomba alilia kwenye simu. Mwisho wa Agosti, jirani wa pasi akanisimamisha koridoni, akaniuliza kwa upole, "Kaka, na mwezi huu hutotoleshi?"

Bili ya maji ilipokuja ndipo nilipojua kwamba dirisha la mbele halikulala. Sisi hulipa maji kwa vichwa. Mama alikuwa ameandika kwenye daftari lake kila chumba na vichwa vyake, na kwangu palipokuwa na kichwa kimoja paliandikwa kimoja na nusu. Nikauliza nusu ni ya nani. "Vifaranga, mwanangu. Hawanywi?" Nikamwambia, mama, mtoto wa chumba cha tatu mbona hayumo. Akasema yule ananyonya.

Dada nilimwandikia sita juu ya kumi, nikamwonya kwamba katika hizo sita mbili ni upepo wa darajani. Kwa mshangao wangu akaridhika. Kwa kodi anayolipa kule, alisema, hata ile milioni na laki saba na sitini ni nauli ya teksi. Jambo ambalo nilimsihi asilirudie mbele ya mtu yeyote mwenye nyumba ya kupangisha. Kwetu chumba cha tano kilikuwa kimeachwa wazi. Nikajipanga, nikavaa shati la heshima, nikaenda kumwona mama.

Nikamkuta uani na mwanamume mmoja ameshika futi ya kupimia, mwisho mmoja kwenye geti, mwingine kwenye mti wa mwarobaini, vifaranga wa mjomba wakimzunguka miguuni. Alikuwa mfanyabiashara, anatafuta pa kuweka kontena lake, la futi 20 tu, lifanye kazi ya stoo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu, subiri kidogo." Akamgeukia yule bwana. "Enhe. Na hilo linatumia maji?"

"Halitumii, mama."

"Luku?"

"Halitumii."

"Lina wageni?"

Yule bwana akacheka. Mama hakucheka. Aliwatazama vifaranga, mmoja baada ya mwingine, kisha akanitazama mimi, akaniuliza mkataba wangu unaisha mwezi gani.