Pongezi kwa Ufadhili Usiopungua: Barua ya Wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo

Kwako Makamu Mkuu wa Chuo,
Chuo Kikuu Binafsi (jina nimelihifadhi, kama ninyi mnavyohifadhi vigezo),
Dar es Salaam.

YAH: PONGEZI KWA UFADHILI WA MASOMO USIOPUNGUA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza nikupongeze. Nchi hii ina mifuko mingi ya kusomesha watoto, na karibu yote ina tabia mbaya ya kuishiwa fedha. Wa kwenu hauna tabia hiyo. Tangu nianze kuuona kwenye vipeperushi vyenu haujapungua hata senti, na sababu ninayoiona ni moja tu: hakuna anayejua unachotwa kutokea upande gani.

Mimi ni mzazi. Binti yangu amemaliza kidato cha sita na Divisheni I ya pointi 5, tahasusi ya HGL, yaani historia, jiografia na Kiingereza. Mwezi Julai tulikwenda viwanja vya Mnazi Mmoja kwenye Maonesho ya Elimu ya Juu, Sayansi na Teknolojia, yale ya Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) ambako kila chuo husimamisha banda na kutangaza uzuri wake. La kwenu lilikuwa limechangamka kuliko mengine. Palikuwa na muziki, vijana wa fulana za bluu, kalamu za bure, na bango refu lililosema: Ufadhili hadi asilimia 100 kwa wanafunzi wenye ufaulu wa juu. Kijana mmoja mwenye ulimi wa asali aliyatazama matokeo ya binti yangu, akamwita dada msomi, akasema, "Kwa pointi hizi umeshapata." Nikamuuliza ameshapata nini. Akasema maelezo zaidi yako ofisi ya udahili.

Ofisi ya udahili walituambia jambo hilo liko kwa mshauri wa wanafunzi. Mshauri wa wanafunzi, mama mpole sana, alitupeleka kwa mhasibu kwa kuwa ni suala la fedha. Mhasibu akasema yeye hupokea majina yaliyokwisha pitishwa na kamati. Kamati ipo? Ipo. Hukutana lini? Majina yakifika. Majina hupelekwa na nani? Ofisi ya udahili.

Tafadhali usidhani nalalamikia uzembe. Chuo chako si cha wazembe, na ushahidi ninao hapa mezani: mchanganuo wa ada. Sijapata kusoma waraka uliotimia namna hii. Ada ya mafunzo imegawanywa kwa awamu, kila awamu na tarehe yake. Usajili una bei, kitambulisho kina bei, mitihani ina bei. Kuna fedha ya tahadhari, endapo binti yangu atavunja dirisha. Bima ya afya shilingi 50,400. Ada ya uthibiti ubora ya TCU shilingi 20,000. Hata joho la mahafali, ambalo mtoto atalivaa baada ya miaka mitatu Mungu akijalia, limeshakadiriwa. Na asiyekamilisha malipo haingii kwenye chumba cha mtihani; hilo limeandikwa kwa wino mzito, likapigiwa mstari. Ninyi ni watu wa hesabu. Fedha inayotoka kwangu kuja kwenu mnaijua mpaka shilingi ya mwisho. Ni ile inayopaswa kutoka kwenu kuja kwangu tu ndiyo imeachiwa washairi.

Maana ni ushairi hasa. Ufadhili wa hadi asilimia 100 unaweza kuwa 100, unaweza kuwa 10, na sifuri nayo haijakatazwa. Ufaulu wa juu nao ni upi? Divisheni I ya kidato cha sita inaanzia pointi 3 na kuishia pointi 9. Kati ya mwenye 3 na mwenye 9 kuna umbali mkubwa, na bango lenu limewakumbatia wote, kisha likawaacha waende nyumbani wakiwa na matumaini sawa. Wengine hulipa ada ya maombi papo hapo. Hata ufadhili usipotolewa, bango limeshafanya kazi yake.

Huenda unajiuliza kwa nini mzazi mmoja anang'ang'ania kiasi hiki, wakati milango mingine ipo. Ngoja nikutembeze kwenye milango hiyo. Ufadhili wa Samia Skolashipu, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023, ni wa waliofanya vizuri zaidi katika tahasusi za sayansi. Nauunga mkono, ila binti yangu kasoma historia, na nchi haijaona bado haja ya kumlipia mtu kwa kujua historia. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu inapima uhitaji. Mimi nina duka la vifaa vya ujenzi na nilimsomesha sekondari ya kulipia, kwa hiyo kwenye mizani yao mimi ni tajiri. Kwenye mizani ya duka lenyewe mambo ni mengine, lakini hiyo ni barua ya siku nyingine. Hata angepata mkopo, siku akiajiriwa angekatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi hadi deni liishe. Kwa mtoto wa namna hii, mwenye akili nyingi kuliko uwezo wa baba yake lakini asiye fukara wa kutosha, ufadhili wa ufaulu ndio mlango uliobaki. Na mlango huo mmeuchora ukutani.

Nitaje na jambo moja ambalo sikutarajia kulisema maishani: Bodi ya Mikopo imewazidi. Taasisi hii, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kulalamikiwa kila Oktoba na kila mwenye simu, hutoa mwongozo kabla ya maombi. Anayetaka kujua nani anastahili, kwa nyaraka gani na kwa tarehe gani, anasoma. Wakipanga mikopo, hutangaza awamu kwa awamu: wanafunzi wangapi, shilingi ngapi. Aliyekosa ana dirisha la rufaa. Unaweza kuuchukia uamuzi wao, lakini una kitu cha kukichukia. Kwa ufadhili wenu mtu atakata rufaa dhidi ya nini?

Nimesikia utetezi wa faragha. Ofisa wako mmoja alinieleza kwa heshima zote kwamba hawezi kuniambia ni wanafunzi wangapi walipata ufadhili mwaka jana kwa sababu ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Nilifurahi kukuta chuo kinachoiheshimu sheria kiasi hicho. Halafu nikatoka nje, nikakuta kwenye ukuta wa lango picha ya mhitimu wenu, jina kamili, shahada na tabasamu lake, kubwa kuliko gari. Sikuomba jina la mtu. Niliomba idadi. Saba haina uso, wala namba ya simu, wala mama wa kuionea haya. Kama jibu ni saba, semeni saba. Kama ni sifuri, hapo naelewa kwa nini inahitaji faragha.

Sasa nifike pale panaponiuma, na hapa kejeli naiweka kando kidogo. Simtuhumu mtu. Mtaani wanasema ufadhili wenu huenda kwa watoto wa wajumbe wa baraza, wapwa wa wahadhiri na waimbaji wa kwaya. Sina ushahidi wa hilo hata chembe. Tatizo ni kwamba nanyi hamna ushahidi wa kulikanusha, kwa kuwa ushahidi pekee ungekuwa vigezo vilivyochapishwa kabla na idadi iliyochapishwa baada. Mnayemwumiza zaidi si binti yangu. Mnamwumiza yule aliyepata kwa haki. Yupo, naamini yupo: mtoto wa mkulima wa Kasulu au Mbinga aliyepata pointi 3, kamati ikamwona, akasamehewa ada. Leo anakaa darasani na wenzake wanamtazama kwa jicho la pembeni wakiulizana yeye ni mtoto wa nani pale juu. Alichostahili kujivunia mmekigeuza kuwa kitu cha kufichwa. Na kwa kuwa naye aliambiwa barua yake ni siri, hawezi hata kujitetea.

Wala shida yake haiishii hapo. Huyo huyo, akifika mwaka wa pili, ndipo huambiwa kwamba ufadhili ulikuwa na sharti la GPA. Ngapi? Inategemea. Tuseme mwaka wa kwanza alipata 4.2, ambayo kwa vyuo vyetu ni daraja la pili la juu, inaikaribia 4.4 ya daraja la kwanza. Angejua mapema kwamba mstari umechorwa hapo, pengine angeacha kibarua cha jioni. Sasa anadaiwa ada ya mwaka mzima, na wazazi wake walishauza walichokuwa nacho kulipia chumba.

Dhana yangu, unisamehe kama nakosea, ni kwamba hamna mfuko kabisa. Mna punguzo. Nafasi zikibaki tupu mwezi Oktoba, bei inashuka kwa anayejua kuomba, na punguzo hilo linavishwa joho la ufadhili ili lionekane la kitaaluma. Sioni dhambi kwenye punguzo. Mimi ni mfanyabiashara. Ila hata Kariakoo, unapobishana bei ya mabati, unamsikia jirani kapewa kwa shilingi ngapi. Marekani, ambako mchezo huu wa ada kubwa kwenye karatasi na bei nyingine chini ya meza umekomaa, sheria ya mwaka 2008 ilivilazimisha vyuo vinavyoshiriki katika misaada ya serikali ya shirikisho kuweka kikokotoo kwenye tovuti, na tangu 2011 mzazi anaweza kukadiria atalipa kiasi gani baada ya ruzuku kabla hajajaza fomu. Matatizo yao hayakuisha kwa hilo, lakini angalau mtu anaanza safari akijua nauli.

Sheria hata sisi tunazo. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 haikuishia kwenye ofisi za serikali. Inazigusa pia taasisi binafsi zinazotumia fedha za umma, au zenye taarifa ambazo umma una maslahi makubwa nazo. Wanafunzi wenu wengi wanasoma kwa mikopo ya Bodi, na ada yao inaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo. Mawakili wenu wanaweza kusema hiyo ni fedha ya mwanafunzi wala si ya umma. Ningependa sana kulisikia jibu hilo likitolewa hadharani, mbele ya walipa kodi.

Ombi langu ni dogo kuliko barua yenyewe. Kabla dirisha la udahili lijalo halijafunguliwa, bandikeni karatasi moja tu: mwaka huu nafasi ni ngapi na kwa kozi zipi, pointi ngapi zinahitajika na kwa asilimia ngapi ya ada, GPA ya kuendelea nao, nani wamo kwenye kamati, na mwaka jana walipewa wangapi. Iwekeni ukurasa uleule wa mchanganuo wa ada, kati ya bima na joho. Kama mfuko haupo, ondoeni bango. Tutakuja hivyo hivyo, kwa ajili ya walimu wenu, ambao ni wazuri.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mzazi mwenye risiti zote.

Nakala: Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kwa taarifa na, ikiwezekana, kwa hatua. Nyingine ni ya mzazi yeyote ambaye mtoto wake amechaguliwa vyuo viwili na bado hajathibitisha udahili: usilipe kitu kwa sababu ya ahadi ya ufadhili mpaka uwe nayo kwa maandishi, yenye asilimia, sharti la GPA, sahihi na muhuri.