Kiu Imepitwa na Wakati

Tuwapongeze wenzetu wa mjini waliong'amua kwamba kiu haiaminiki. Babu zetu, masikini, walisubiri koo likauke ndipo wachote kata mtungini, na sijui waliishije hadi wakatuzaa. Mstaarabu wa leo hatembei bila chupa ya lita mbili iliyochorwa saa ubavuni: saa tatu maji yawe yameshuka hapa, saa sita pale. Akichelewa, simu inamlilia kama mtoto mchanga. Kikaoni anainuka kwenda msalani mara tatu kabla ya ajenda ya kwanza, nasi tunampisha kwa heshima, maana anajenga afya.

Mwaka 1945 wataalamu wa Marekani waliandika kwamba mtu mzima anatosheka na lita 2.5 hivi kwa siku, wakaongeza kuwa sehemu kubwa ya maji hayo imo ndani ya chakula. Nyongeza hiyo ikaachwa, na ni sawa: tangu lini uji, mchuzi na chungwa vikawa na maji?

Bomba la mtaani kwetu nalo lina busara zake. Hufunguka usiku wa manane, siku lipendayo, nalo hutanguliza upepo ili tusije tukalewa anasa. Basi, ndugu msomaji, simu ikikudai glasi ya nane, usibishane nayo. Mwite kijana wa mkokoteni mwenye madumu, bei mtaelewana.